Kitabu Kisicho na Milango

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana wa chama chetu, baada ya swala ya Alasiri, katika darsa za mwezi wa Ramadhan. Tumeyaacha karibu na yalivyosemwa.)

Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na swahaba zake. Ama baada ya hayo. Ndugu zangu, dada zetu mlioko upande wa pili wa pazia, na wazee wetu mliotuheshimu kwa kuja kuketi na vijana saa hizi ambazo koo zimekauka na jua bado liko juu.

Najua wengi walipoona jina langu kwenye ratiba walidhani nitasema juu ya kumi la mwisho au adabu za futari. Hayo wapo wanaoyajua kunishinda. Mimi kazi yangu ni kompyuta, na nimekuja kuzungumza juu ya kitu kidogo sana, kile kiorodha cha milango kinachojitokeza ubavuni unapofungua kitabu kwenye simu au kompyuta. Unagusa jina la mlango, kitabu kinafunguka papo hapo. Wenye programu za Kiswahili wameziita alamisho. Msicheke. Kitu hiki kidogo kimenitia aibu ambayo mpaka leo sijaisahau, na kwa idhini ya mwenyewe aliyehusika nitawaeleza.

Miaka kadhaa iliyopita, siku chache baada ya Idd, dada mmoja wa mtaani kwetu aliniletea ujumbe. Alikuwa na mtoto wa miezi minne. Ndani ya Ramadhan aliona maziwa yanapungua na mtoto analia usiku kucha, akamhofia mtoto, akafungua siku kumi na moja. Sasa akauliza: nalipa vipi? Aliniuliza mimi kwa sababu alijua nina "maktaba nzima" kwenye simu. Na kweli nilikuwa nayo. Vitabu mia na zaidi, vyote vya kutumiwa na watu, vyote nimevipakua, na sijui kama kumi nilikuwa nimevifungua.

Nikafungua kitabu kimoja cha fiqhi cha Kiswahili, faili ya PDF ya kurasa zaidi ya mia tano, haina alamisho hata moja. Nikaandika kwenye kisanduku cha kutafuta: kunyonyesha. Hakuna kitu. Nikaandika kafara. Neno likapatikana, ukurasa ukafunguka, na juu kabisa ya ukurasa ule imeandikwa kwamba mtu huyo atafunga miezi miwili mfululizo, akishindwa atalisha masikini sitini. Nikalinakili, nikalituma. Nikamwongezea na dua, Allah akufanyie wepesi.

Dada yule akaanza kufunga. Siku sitini mfululizo, na mtoto yuko kifuani. Alifika siku ya tisa. Mtoto amedhoofika, mama mwenyewe anashika ukuta akisimama, ndipo mamake mzazi akamshika mkono akampeleka kwa ustadh. Ustadh hakuwa na simu ya maana. Alikuwa na kitabu cha karatasi kilichochakaa, akafungua nyuma penye fihirisi, akateremsha kidole, akaenda kwenye mlango wa wenye ruhusa ya kufungua. Akawasomea. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwenye kunyonyesha akifungua kwa kumhofia mtoto peke yake, atalipa siku zake alizofungua, na kwa kila siku atatoa kibaba cha chakula kwa masikini. Kama angejihofia nafsi yake, angelipa siku tu. Siku kumi na moja na vibaba kumi na moja. Basi.

Ustadh akaniita. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ule ukurasa ulioutuma, kichwa cha mlango wake kilikuwa kinasema nini?" Nikamwambia sikukiona. Tukakitafuta pamoja. Kilikuwa kurasa mbili nyuma. Ulikuwa ni mlango wa mtu aliyemwingilia mkewe mchana wa Ramadhan.

Sasa, funzo la kwanza hapa ni kwamba mtu asiye na elimu asijibu masuala ya dini, awe na simu au asiwe nayo. Hilo halina mjadala, na nimetubia. Lakini nililala nikiliwaza lile swali la ustadh. Kila neno nililomtumia dada yule lilikuwa sahihi. Halikuongezwa herufi wala kupunguzwa. Kilichokosekana ni kichwa cha mlango, na bila kichwa hukumu ya mtu mwingine kabisa ikamwangukia mama mwenye mtoto.

Kitabu cha karatasi ni vigumu kukufanyia hivyo. Ukikishika unajua uko mwanzo, katikati au mwisho, kwa unene wa upande wa kushoto na wa kulia. Vidole vinapita kwenye vichwa vya milango hata bila kutaka. Lakini kwenye simu kurasa zote ni bapa moja. Ukurasa wa 40 na wa 400 zina sura moja. Kutafuta neno kunakurusha katikati ya kitabu kama mtu aliyeshushwa na matatu usiku mahali asipopajua. Alamisho ndizo kibao cha barabara. Zinakwambia uko katika kitabu cha saumu, ndani yake mlango wa kafara, ndani yake fasili ya mwenye kuingiliana mchana. Programu nyingi za kompyuta hukuonyesha jina la mlango uliomo hata kama uliingia kwa kutafuta neno, mradi alamisho zimewekwa.

Kwenye Qur'ani jambo hili hatulioni kwa sababu tumeshalizoea. Msahafu wa Madina ambao wengi wetu tunao una kurasa 604, na una sura 114, juzuu 30, hizbu 60, na kila hizbu imegawanywa robo nne. Zile juzuu na hizbu ziliwekwa na wanavyuoni ili kumrahisishia msomaji, ndiyo maana ndani ya Ramadhan mtu anajua akisoma kurasa ishirini kwa siku anakhitimu. Na kwenye khitma zetu, kile kisanduku cha juzuu thelathini kinapofunguliwa kila mtu anapewa yake, hakuna anayeuliza aanzie wapi. Sasa niambieni, nani kati yenu ataweka kwenye simu yake programu ya Qur'ani isiyo na orodha ya sura? Hakuna. Utaifuta siku hiyohiyo. Lakini kitabu cha fiqhi, cha hadithi, cha sira, tunakikubali kikiwa gunia.

Wenzetu waliotangulia waliujua uzito wa kichwa cha mlango. Wanavyuoni wa hadithi husema kwamba fiqhi ya Imamu Bukhari imo katika vichwa vya milango yake. Chukueni ile hadithi mashuhuri ya nia. Bukhari ameiweka mahali saba katika Sahihi yake. Mara ya kwanza mwanzoni kabisa, pa kuanza kwa wahyi. Kisha utaikuta katika imani, katika kuacha huru watumwa, katika habari za Hijra, katika ndoa, katika viapo, na ya mwisho katika mlango wa hila, wanaotafuta ujanja wa kukwepa hukumu. Ukitafuta kwa neno utaletewa majibu saba yanayofanana karibu neno kwa neno, utadhani ni makosa ya uchapaji. Ukiyaona chini ya vichwa vyake ndipo unafahamu kwamba Imamu anakufundisha mambo saba.

Na hapa kuna jambo ambalo mimi lilinishtua nilipolisoma. Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 261 Hijria, alizipanga hadithi za Sahihi yake kwa mafungu, lakini vichwa vya milango hakuviandika mwenyewe. Vile tunavyoviona katika chapa nyingi leo ni vya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria. Wapo wengine waliojaribu kabla yake, lakini vyake ndivyo vilivyoenea. Zaidi ya miaka mia nne imepita, mwanachuoni mkubwa kama Nawawi, aliyefariki hajafika hata umri wa miaka hamsini na ameacha vitabu kama mnavyovijua, akaona si kazi duni kuketi kuandika vichwa vya kitabu cha mtu mwingine ili msomaji asipotee. Mimi nikasema, kumbe kazi hii ina wenyewe.

Nilipoanza kulisema jambo hili kwa wenzangu, kuna aliyeniambia, "Ndugu, mambo ya alamisho yamepitwa, siku hizi unaandika neno tu." Haya. Na tujaribu na Kiswahili chetu. Kitabu kimoja kitaandika swala, kingine sala. Saumu, swaumu, funga. Udhu, wudhu, kutawadha. Zaka, zakka. Tohara, twahara. Utatafuta kwa tahajia ipi? Halafu Kiswahili kinabadilisha mwanzo wa neno. Mimi nilitafuta kunyonyesha na kitabu kilikuwa kimeandika "anyonyeshaye". Neno ni lilelile, jibu lilikuwa mle mle, lakini kompyuta iliona ku- na ikaona a-, ikasema hakuna. Ungeandika nyonyesh peke yake ungepata, lakini nani anakumbuka hivyo akiwa na haraka ya kumjibu mtu?

Na hivyo ni kwa kitabu kilichopigwa chapa kwenye kompyuta. Vingi tulivyonavyo ni picha. Mtu amechukua kitabu, amekipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akaviunga. Humo hakuna herufi, kuna rangi nyeusi na nyeupe tu, utafute mpaka Maghrib hutapata. Kitabu cha picha kikikosa alamisho kimefungwa kweli.

Sitaki mchanganye vitu viwili. Kuna alama unayoweka wewe msomaji, kujua umefikia wapi, kama ule utepe wa msahafu. Hiyo ni nzuri na muitumie, lakini mara nyingi inakaa ndani ya programu ya simu yako. Simu ikiibiwa imekwenda nayo. Mimi nasema zile zinazowekwa na mwenye kukitengeneza kitabu, ndani ya faili lenyewe. Hizo zinasafiri nacho. Ukimtumia ndugu yako aliye Garissa au Muscat zinafika vilevile.

Nije kwa yule aliyenifanya niache kulisema jambo hili kama mzaha. Kati yetu yuko ndugu ambaye haoni. Mnamjua, ndiye mara nyingine hutuswalisha Taraweeh na hakosei. Yeye anasoma kwa kusikiliza. Kwenye kompyuta yake ana programu inayoitwa NVDA, inayosoma maandishi kwa sauti. Aliianzisha kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, mwaka 2006, na inatolewa bure mpaka leo. Sauti yake ya Kiswahili ni kama ya mtu mwenye mafua, lakini inafaa. Nilimtumia kitabu cha darsa yetu, kile ambacho ustadh alituruhusu tukichape na kukigawa, kurasa 386. Nilijivuna nacho. Kimepigwa chapa vizuri, si picha. Baada ya wiki nikamuuliza umekionaje. Akaniambia, "Bado niko kwenye twahara."

Nikadhani anatania. Akanieleza. Nyinyi, akasema, mwatupa jicho mwaona herufi kubwa nyeusi, mwajua hapa mlango mpya. Mimi kwangu kila mstari una sauti moja. Darsa ikiwa ya Hijja na kitabu hakina alama, ama nisikilize kutoka mwanzo, ama nibahatishe namba za kurasa mpaka nifike. Kitabu kilichotengenezwa sawasawa, akibonyeza herufi H anaruka kutoka kichwa hadi kichwa, na akifungua orodha ya alamisho anasomewa majina ya milango yote, anachagua. Dakika moja. Mimi kwa uvivu wa jioni moja nilimfungia mlango mtu aliyehifadhi Qur'ani yote.

Jioni moja, nasema kweli. Nilirudi nyumbani nikalirekebisha faili lile, na nimeona nielekeze hapa kwa sababu baadhi yenu ndio mnaochapa makala za chama na vitabu vya madrasa.

Ukiwa unaandika mwenyewe kwenye Word au LibreOffice, usitengeneze kichwa cha mlango kwa kukikoza wino na kukikuza herufi tu. Jicho litaona kichwa, kompyuta haitaona. Kuna mitindo ya vichwa imewekwa tayari, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kitabu cha saumu kipe ya kwanza, mlango wa kafara ya pili, fasili ya tatu. Ukimaliza, unapohifadhi kama PDF fungua machaguo, utaona pa kuamuru alamisho zitengenezwe kutokana na vichwa. Weka alama ya tiki. Hapa ndipo wengi tunapopoteza kazi. Tunabonyeza kuchapa, kana kwamba tunapeleka kwa printa, na kuichagua PDF badala ya karatasi. Faili litatoka zuri machoni na alamisho zote zimebaki nyuma. Mimi nimefanya hivyo mara mbili kabla ya kugundua.

Kwa kitabu cha picha kuna programu za bure, mimi natumia JPdfBookmarks. Unaandika jina la mlango na ukurasa wake, basi. Ila angalieni kurasa. Ukurasa wa 1 wa kitabu si ukurasa wa 1 wa faili, kwa sababu kuna jalada, dibaji na shukrani. Kwenye kile cha kwetu tofauti ilikuwa kumi na mbili. Mara ya kwanza niliziweka zote kwa namba za fihirisi, ukigusa Zaka unaangukia mwisho wa Swala. Afadhali ningeacha.

Kuhusu majina, andikeni jina lenyewe. "Mlango wa 7" hauna maana kwa mtu asiyekijua kitabu. "Wenye ruhusa ya kufungua" anauelewa hata dada aliyechoka saa nane ya usiku na mtoto mkononi. Wala msipite kiasi mkaweka alama kwa kila hadithi, orodha ikawa ndefu kuliko kitabu. Mimi sipiti ngazi tatu.

Na jamani, jambo la haki. Kitabu kina mwenyewe. Mwandishi au mchapishaji akiwa bado anakiuza, kukipiga picha na kukisambaza bila idhini si khidma, hata ukiweka alamisho za dhahabu. Tuanze na vyetu, vya masheikh wetu waliotoa ruhusa kwa kinywa chao.

Mkishamaliza mjaribu kwenye simu, maana si kila programu ya simu inaonyesha orodha waziwazi. Nyingine imejificha nyuma ya vijistari vitatu au nukta tatu pembeni. Mfundisheni mama na shangazi pa kugusa. Kumtumia mtu kitabu chenye alamisho bila kumwonyesha zilipo ni kama kumpa ufunguo bila kumwambia ni wa nyumba gani. Na mkituma kwa WhatsApp, tumeni faili lenyewe. Ukipiga picha ya skrini ya ukurasa mmoja ukaituma, umerudia kosa langu, hukumu bila kichwa. Ikibidi kutuma ukurasa mmoja, tuma na ule wenye kichwa cha mlango.

Yule dada mnauliza? Alhamdulillah. Siku zake tisa alizofunga ustadh alimwambia ajitulize, alipokuwa akizifunga niyya yake ilikuwa kulipa, zilizobaki mbili akazimaliza mtoto alipopata nguvu, na vibaba vyake akatoa. Mtoto sasa anasoma madrasa yetu hapa hapa, na nadhani alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakipiga kelele nje tulipokuwa tukiswali.

Kazi iliyo mbele yetu ni hii. Ustadh ametupa vitabu vinne vya darsa, ruhusa ameitoa mbele ya mashahidi. Kimoja kiko tayari, ni kile cha kurasa 386, na ndugu yetu amekipima kwa masikio yake akakipitisha baada ya kunirudishia makosa matano. Bado vitatu. Viwili vimepigwa chapa, kimoja ni picha tupu na hicho ndicho kigumu, milango yake imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, nahitaji wawili wanaosoma vizuri wanisomee majina. Wenye kompyuta tukutane baada ya Taraweeh kesho, chumba cha madrasa cha juu, dada zetu wana chumba cha chini na dada mmoja atawasimamia. Tumekadiria usiku tatu. Atakayekuja aje na kompyuta imejaa moto, na waya wa kurefusha kama anao, kwa sababu chumba kile kina soketi mbili tu na moja inatoa cheche.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.